TAHADHARI: Foki za mtumba zilizoungwa shingo zinauzwa mtandaoni hapa Dar

Wakuu, habari za jioni. Hii ni kwa wote mnaofufua baiskeli za zamani za milimani, zile za springi mbele tu na nyuma ngumu, au za chuma tupu mnazotaka kuzifunga springi. Kuna mtu hapa Dar anauza foki za mtumba (ule uma wa mbele unaoshika gurudumu) ambazo shingo yake, lile bomba linalopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani, imekatwa, ikaongezwa kwa kipande cha bomba jingine, ikagandishwa kwa gundi na kupigwa rangi nyeusi juu yake. Kwa macho huoni kitu. Mimi nimeuziwa moja wiki tatu zilizopita. Sijaumia, kwa sababu fundi wangu aliigundua ikiwa bado mezani. Ningeifunga mwenyewe nyumbani, leo hii huenda mngekuwa mnanichangia matibabu.

Nianze na baiskeli yenyewe ili mwelewe nilivyoingia. Ni Trek ya chuma, magurudumu ya inchi 26, fremu ya miaka ya 1990 iliyotengenezwa Marekani. Niliipata kwenye mzigo wa mtumba, rangi imechujuka na bomba la kiti limegandia ndani ya fremu. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma likikaa miaka bila grisi hushikana kama limechomelewa, na kwa sisi tunaoishi Kigamboni hewa ya chumvi huharakisha mambo. Siku nne za kulimwagia mafuta ya kupenya na kulizungusha kidogo kidogo, ndipo likatoka. Fremu ilikuwa nzima, haina ufa, haina kutu ya kula chuma. Nikasema hii naitengeneza vizuri: gia moja mbele na kumi nyuma, breki mpya, usukani mpana wa kisasa, na mbele foki ya springi ya upepo inayobonyea milimita 80. Lengo langu ni kupanda nayo Pugu, kupita Kajiungeni hadi Kisarawe, na kurudi kwa njia za vumbi.

Hapo kwenye foki ndipo pagumu. Viwanda vikubwa vilihamia magurudumu ya 27.5 na 29 tangu katikati ya miaka ya 2010, na foki nzuri mpya ya 26 yenye shingo iliyonyooka ya kipenyo cha inchi moja na moja ya nane ni adimu. Kwa hiyo wengi wetu tunategemea mtumba. Na foki ya mtumba ina tatizo moja ambalo kila fundi analijua: shingo yake imeshakatwa kulingana na fremu ya mtu wa kwanza. Kama fremu yake ilikuwa fupi kichwani, pale shingo inapopita, shingo haitakutosha. Foki inaweza kuwa nzuri kila mahali, springi safi, miguu haina mkwaruzo, lakini imepungua sentimita sita na hakuna cha kufanya. Mwuza mtumba mkweli anakwambia, "Hii shingo fupi, pima kwanza." Huyu wetu ameona hapo ndipo penye hela.

Nilimpata kupitia tangazo. Picha zilikuwa safi: foki nyeusi yenye jina la kampuni kubwa, imelazwa juu ya marumaru nyeupe yenye maua ya bluu, moja kati ya hizo marumaru imevunjika kona. Kumbukeni hiyo marumaru. Nikamwambia fremu yangu inahitaji shingo ya sentimita 20 kwenda juu. Baada ya nusu saa akanitumia picha ya futi imewekwa kando ya shingo, inasoma 23. Akaongeza video anaijaza upepo kwa pampu, anaikandamiza, inarudi polepole. "Kaka, hii mali ya Ujerumani, haijafunguliwa. Ukichelewa inaondoka." Bei 320,000. Alitaka nusu kwanza kwa simu "ili niitoe kwenye tangazo", na nusu nimpe bodaboda.

Nilituma 160,000. Kosa langu la kwanza hilo, na naliandika wazi ili mtu mwingine asilirudie. La pili ni pale bodaboda alipofika Kigamboni na mzigo umezungushiwa plastiki na gundi ya karatasi kuanzia juu hadi chini. Nikasema nafungua kwanza. Yule kijana akanijibu kwa upole kabisa, "Bosi, nimeambiwa usifungue mpaka ulipe, na mimi nawahi pantoni." Simlaumu kijana, yeye ametumwa. Nikalipa.

Nikafungua, foki ni ileile ya kwenye video. Nikafurahi. Kesho yake nikaipeleka Tandika kwa fundi wangu, mzee ambaye ametengeneza baiskeli tangu enzi za Phoenix na Swala, na ambaye hagusi kitu kabla hajakizungusha mkononi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kugonga ile nati ya nyota inayokaa ndani ya shingo, ambayo ndiyo inashikilia boliti ya juu ya stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na shingo. Ikagoma. Akagonga mara ya pili, ikapinda. Akaitoa, akaipima na nyingine aliyokuwa nayo, saizi ni sahihi. Akasema, "Ndani humu mna kitu." Akawasha tochi ya simu, akachungulia kwa juu, kisha akaigeuza akachungulia kwa chini. Kwa chini ndipo akaona: mdomo wa bomba jingine umetokeza ndani ya shingo, kama kikombe kidogo kimetumbukizwa ndani ya kikubwa, na pembeni yake kuna michirizi ya kitu cha rangi ya kahawia kilichoganda.

Akachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Akaiweka chini ya shingo, karibu na kichwa cha foki, pale miguu yake miwili inapoungana: ikaanguka. Alumini. Akaipandisha taratibu. Ilipofika kama sentimita 14 ikaruka na kunasa, tak. Kuanzia hapo kwenda juu ni chuma. Akapitisha msasa sehemu ile mara tano sita, rangi ikatoka, mstari ukaonekana ukizunguka shingo nzima, umejazwa pati na kusawazishwa kwa ustadi mkubwa. Kisha akafunga stemu juu, akabana foki kwenye jiriwa na vitambaa, akashika usukani akauzungusha kama mtu anayekata kona. Kipande cha juu kikazunguka peke yake. Unga wa gundi ukamwagika juu ya meza.

Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii ungeshuka nayo Pugu, usukani ungebaki mkononi na gurudumu lingeenda linakotaka." Nilikaa chini kwenye ndoo yake ya vifaa. Nina watoto wawili, na huyo mkubwa ndiye alikuwa ananisumbua aijaribu baiskeli siku ya kwanza.

Naomba mnielewe, hapa tumetoka kwenye habari ya kuuziwa kitu kibovu. Springi iliyokufa inakukera tu. Stika ya bandia inakuumiza mfuko. Lakini mtu aliyechonga kipande cha chuma, akakipaka gundi, akajaza pati, akapiga msasa na rangi, alijua kabisa nini kitatokea mtu akishikilia usukani ule kwenye mteremko. Aliifanya kazi hiyo kwa makini, na ndiyo maana nashindwa kumwita tapeli wa kawaida.

Nilimpigia. Mara ya kwanza akasema fundi wangu ndiye kaiharibu. Nilipomtumia picha ya mstari akanizuia. Siku sita baadaye kijana mmoja ninayepanda naye akanirushia tangazo jipya, jina jingine, namba nyingine, foki nyingine, na chini yake marumaru ileile nyeupe yenye maua ya bluu, kona imevunjika. Kijana alikuwa ameshaulizia bei. Nilipomsimulia fundi, akaniambia kuna jamaa wa Mbagala alimletea foki ya aina hiyo mwezi uliopita, yeye akadhani ni ujinga wa mmiliki wa zamani huko ilikotoka. Sasa sote tunajua ni mtu mmoja anazitengeneza hapahapa.

Jina na namba yake siviweki hapa. Anavibadilisha kila wiki, na laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari, tukaishia kumshambulia mama wa watu. Nimevikabidhi polisi pamoja na foki yenyewe, picha na ujumbe wa malipo, nimepewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni. Kama na wewe umeuziwa, tafadhali nenda ukafungue yako na upeleke foki, usiitupe. Lalamiko likiwa moja linaonekana ugomvi wa wateja. Yakiwa matatu yenye kiungo kilekile, hiyo ni kesi. Namba iliyokutapeli itume pia kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inapokelewa bure.

Sasa namna ya kumtambua. Picha zake zote nzuri zinaishia kwenye kichwa cha foki. Nilizirudia zangu zote nane na video: shingo inaonekana mara moja tu, ile ya futi, na hapo ameisogeza mbali na mwanga. Mwombe video moja isiyokatwa, sumaku inatembea kwenye shingo kuanzia chini hadi juu, na tochi inamulika ndani kwa pande zote mbili. Mwenye mali safi hiyo ni kazi ya dakika moja. Lakini msihukumu vibaya wauzaji wengine: shingo ya chuma si bandia, foki nyingi halali za bei ya kati zina shingo ya chuma. Unachotafuta ni tabia moja ya sumaku kwenye urefu wote, ama inanasa yote ama hainasi popote. Na pale chini kabisa shingo inapoingia kwenye kichwa kuna kiungo cha kiwandani kilichokandamizwa kwa mashine, hicho msikiogope.

Ishara nyingine ni kwamba anakubali kila kipimo. Mimi niliuliza kwa kumjaribu kama ana ya milimita 120 inayofaa fremu yangu, akasema inakaa bila shida. Haikai. Fremu nyingi za zamani zilichorwa kwa foki fupi isiyo na springi. Ukinyanyua mbele kama milimita 20, pembe ya kichwa cha fremu inalala karibu digrii moja. Ukifunga ndefu kupita kiasi baiskeli inakuwa nzito kukata kona na fremu inabebeshwa mzigo ambao haikujengewa. Anayeuza foki bila kukuuliza fremu ni ya mwaka gani na foki ya zamani ina urefu gani, muulize yeye maswali zaidi.

Habu za nyuma, yaani vitovu vya gurudumu, pia anauza, na huko nako angalieni. Kijana niliyemtaja alikuwa ameahidiwa habu "ya gia kumi". Kwenye picha moja niliyoikuza, nyuzi za kufungia zinaonekana. Hiyo ni habu ya kukaza kwa nyuzi, ya mfumo wa zamani. Sprokiti (yale meno ya gia za nyuma) ya gia kumi kwa kawaida huteleza kwenye mifereji ya habu na kufungwa kwa nati ya juu, haikazwi kwa nyuzi. Ukiifunga hiyo ya nyuzi itabidi ununue vyote upya, na ekseli za zile za nyuzi hupinda mapema kwa sababu gololi za upande wa cheni ziko mbali na fremu.

Halafu anapenda kusema, "Niletee vifaa vyako vya zamani nikupunguzie." Msimpe. Krenki (mikono ya pedali) na shifta (vibadilishia gia) za Shimano za miaka ya 1990 zilizo hai zina watu wanaozitafuta sana, na ukizitoa kwa punguzo la 30,000 umempa mali mara mbili. Zangu ziko kwenye boksi, zimefutwa na kupakwa mafuta.

Kwa sasa Trek yangu nimeirudishia foki yake ya chuma ya mwanzo. Fundi ameisafisha, amebadilisha gololi na kuweka tairi pana mbele lenye upepo mdogo, na kwa kweli linameza vumbi na mashimo kuliko nilivyotegemea. Gia kumi zimekaa vizuri. Ikipatikana foki nyingine nitaifuata mwenyewe kwa miguu yangu, na sumaku mfukoni.

Mwenye foki aliyoinunua kwa picha za marumaru hiyo, naomba usiipande hata kwenda dukani. Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa kwa fundi Tandika. Niandikie faragha nikuelekeze, uje nayo, tuikague bila malipo. Ukiwa mbali, toa stemu, tafuta sumaku, anza chini, panda nayo polepole.