Procurer kwenye EVE Online: Meli ya Mchimbaji Anayetaka Kurudi Bandarini

Karibuni tena wadau. Leo mezani nina Procurer, meli ya kuchimba mawe ndani ya EVE Online, ule mchezo wa mtandaoni wa meli za anga, na nitaipima na ndugu zake wawili, Retriever na Covetor. Wengi wenu mmemaliza kujifunza na ile meli ndogo ya Venture, mmekusanya hela za kutosha, na sasa mnauliza: ninunue ipi kati ya hizi tatu? Nitawajibu. Ila kwanza tazameni hiki kipande, nilikirekodi mwenyewe.

Hapa niko kwenye mfumo wa nyota wenye usalama wa 0.5. Naendesha Retriever, ghala la mawe limejaa robo tatu. Angalieni upande wa kulia, ile orodha ya vitu vilivyo karibu: mawe ya Veldspar, Veldspar, Scordite, mchimbaji mwenzangu mmoja. Kumetulia. Sasa... hapo. Catalyst, meli ya kushambulia, imetua. Ya pili. Na ya tatu hiyo. Shusheni macho kwenye ngao yangu: imeisha. Deraya, kinga inayofuata baada ya ngao, nayo inakwenda, na kiunzi kinaungua. Mlipuko. Mimi muda huo nilikuwa jikoni naepua sufuria, nikijua niko sehemu salama kwa sababu kila mtu ananiambia 0.5 na kwenda juu ni salama. Na ona sasa, polisi wa CONCORD ndio wanaingia. Wanazilipua zile Catalyst zote tatu, hawabakishi hata moja. Meli yangu ilishakwenda.

Nataka mkielewe hiki kipande kabla hatujaongelea bei. CONCORD hawalindi mtu. Wanaadhibu. Ukimshambulia mwenzako bila sababu inayotambulika kwenye eneo la usalama wa juu, utalipuliwa, hakuna ujanja. Lakini polisi wanachukua muda kufika, na muda huo unategemea namba ya usalama wa mfumo. Kwenye 1.0 ni kama sekunde 6. Kwenye 0.5 ni kama sekunde 19. Wale majambazi wanalijua hilo kuliko wewe. Wanakuja na Catalyst kwa sababu ni meli ya bei ndogo yenye mizinga mikali ya karibu, na wanajua tangu wanatoka bandarini kwamba hazirudi. Hesabu yao ni moja tu: ndani ya sekunde hizo 19, tunaweza kuchana ngao, deraya na kiunzi cha huyu? Jibu likiwa ndiyo, umekwisha. Likiwa hapana, wanakupita wanamtafuta jirani yako.

Na msidhani ni kosa la mchezo litakalorekebishwa. EVE imetoka mwaka 2003, imetengenezwa na CCP kule Aislandi, na tangu mwanzo wameruhusu wachezaji washambuliane kila mahali. Kulikuwa na kundi la wachezaji, CODE, lililokuwa linawauzia wachimbaji kibali cha kuchimba kwa ISK milioni 10, hela ya ndani ya mchezo, kwa mwaka, kwenye maeneo ya usalama wa juu kabisa. Hukununua, unalipuliwa. Mimi sipendi ile kazi yao hata kidogo, nawaambia wazi, lakini iko ndani ya sheria za mchezo na lazima ujipange nayo.

Sasa bidhaa yenyewe.

Covetor inachimba haraka kuliko zote tatu. Ghala lake dogo na mwili wake mwepesi kama karatasi. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayechimba kwenye kundi, kuna Orca pembeni, meli kubwa ya kuhudumia wachimbaji, inapokea mawe, kuna wenzake wanatazama. Peke yako usiiguse.

Retriever ndiyo inayouzika, na naelewa kwa nini. Ghala lake ni kubwa, unaweka mitambo, unakaa muda mrefu bila kurudi bandarini. Tatizo ni kwamba sifa hiyohiyo inakufundisha kuondoka kwenye kiti. Majambazi wanazipenda Retriever kwa sababu hiyo: ni laini, na mwenyewe mara nyingi hayupo.

Procurer ni ngumu. Ngao yake inazidi za ndugu zake kwa mbali, na katikati ina nafasi za kutosha za kufungia vifaa vya kuongeza ngao nyingine. Droni zake zinauma, kwa hiyo wale maharamia wadogo wa kompyuta wanaojitokeza kwenye ukanda wa miamba hawakusumbui. Inachimba taratibu kuliko Covetor na inarudi bandarini mara nyingi kuliko Retriever. Hiyo ndiyo bei unayolipa, na mimi nailipa bila kinyongo. Tangu nihamie kwenye hii wamenipitia majambazi mara mbili. Mara moja walinijaribu, wakanitoa ngao yote na sehemu ya deraya, polisi wakafika. Nilirudi bandarini na mawe yangu.

Ila nisikilizeni vizuri hapa. Procurer iliyofungwa vibaya ni Retriever yenye ghala dogo. Naona watu wananunua meli ngumu, halafu nafasi zote za chini wanajaza vifaa vya kuongeza kasi ya kuchimba. Weka Damage Control kwanza. Hiki kifaa kimoja kinaongeza uhimilivu wa ngao, deraya na kiunzi kwa pamoja, na siku hizi hakihitaji hata kuwashwa. Katikati weka kiongeza ngao na vile vya kupunguza makali ya risasi, hasa za aina ya joto na za kinetiki, maana mizinga ya Catalyst inapiga hizo. Vile vinavyowashwa, viwashe ukitua tu kwenye ukanda, usisubiri kuona adui. Kama nafasi imebaki, ndipo uongeze kasi ya kuchimba. Na usifunge vifaa vya bei ya juu. Mlipuko ukitokea, sehemu ya ulichofunga inabaki ikielea, nao kabla hawajaja wanaweza kuchungulia meli yako imebeba nini.

Tabia zenyewe sasa, maana hapa ndipo meli nyingi zinapookolewa.

Ukitua kwenye ukanda, kila mtu anatua sehemu ileile. Usichimbe pale. Sogea kilomita kadhaa pembeni, tafuta mawe ya ukingoni. Mizinga ya Catalyst ni ya karibu mno, kwa hiyo wakitua mbali nawe inabidi wakimbie kukufuata na sekunde zao zinaungua. Ndiyo maana wanatuma mpelelezi kwanza. Atakuja na kimeli kidogo kisicho na silaha, atakusogelea hadi mgusane, akae hapo kimya. Wenzake watatua juu yake, yaani juu yako. Ukiona meli isiyochimba imekuja kukung'ang'ania, vuta droni zako na uondoke. Usimwandikie, usimuulize shida yake nini.

Pili, orodha ya waliomo kwenye mfumo iwe wazi muda wote. Wahalifu sugu wanaonekana kwa alama nyekundu kwenye majina yao. Ukishajua majina ya kundi linalozunguka mtaa wako, waweke kwenye anwani zako kama maadui, wakiingia tu utawaona. Mimi wakiingia watano kwa mpigo, sisubiri kujua wanakwenda wapi.

Tatu, kitufe cha usalama kibaki kijani, kikuzuie kufanya kosa kwa bahati mbaya. Kuna mtu atakuja kuchukua mawe yako uliyoyamwaga kwenye kontena, awe wa njano, yaani mtuhumiwa unayeruhusiwa kumpiga. Anataka umpige. Ukimpiga, naye anapata haki ya kukupiga, na polisi hawaji. Mwache aende na mawe. Na ombi la kupigana wawili likija kwenye kioo, kataa.

Na kama imeshatokea, meli imelipuka? Uko ndani ya kapsuli, kile kimeli kidogo cha rubani kinachobaki, na hiyo kapsuli wanaitaka pia, hasa kama umepandikiza vile vifaa vya gharama kichwani. Kapsuli inageuka haraka sana. Ukiona kiunzi kimeanza kuungua, chagua bandari kwenye orodha na uanze kubonyeza kitufe cha kuruka mfululizo, usiache. Meli ikipasuka, kapsuli inaondoka na bonyezo la kwanza linaloikuta. Mimi mara ile ya jikoni kapsuli nayo ilienda, pamoja na vipandikizi vya wiki nzima ya kuchimba.

Nje ya usalama wa juu sitakaa sana, hiyo ni video yake. Kwenye 0.4 na kushuka hakuna CONCORD. Huko Venture bado ina thamani, kwa sababu injini yake ina nguvu 2 za ziada za kukataa kushikwa, na ghala lake la mita za ujazo 5,000 linatosha kuingia na kutoka. Mtego mmoja wa kawaida hauishiki. Kwenye 0.0 kuna matufe ya kunasa yanayoshika karibu kila meli, hata Venture, na sheria ni moja: jina usilolijua likiingia kwenye orodha, uko bandarini kabla hujamaliza kulisoma. Kwenye mashimo ya minyoo (wormhole), yale maeneo yaliyojificha, hata hiyo orodha haikuonyeshi mtu mpaka aongee, unabaki na rada yako, unabonyeza kila baada ya sekunde chache.

Kwa sisi tulioko Afrika Mashariki kuna mambo mawili. Seva iko London, na mchezo unahesabu mambo kwa sekunde nzima, kwa hiyo kuchelewa kidogo kwa mtandao hakukuumizi kama kwenye michezo ya risasi. Kupakua ndiyo mzigo, ukishaingia bando linaliwa kidogo. Umeme ukikatika katikati ya kuchimba na hakuna aliyekushika, meli inajirukia yenyewe mbali na baada ya muda mfupi inatoweka, ukirudi utaikuta. La pili, seva inazimwa kila siku saa 11:00 kwa saa za mchezo, kwetu ni saa nane mchana. Saa saba na nusu anza kurudisha mawe.

Kwa hiyo: unachimba peke yako, usalama wa juu, nunua Procurer. Una kundi lenye Orca na macho ya kutosha, chukua Covetor. Retriever nawashauri muiache, hata kama ghala lake linavutia. Na ukishafika mbali kwenye mafunzo, Skiff ni Procurer iliyokomaa, ngumu zaidi, lakini bei yake inamfanya jambazi apige hesabu upya, kwa hiyo usiifunge kizembe. Orodha ya vifaa vyangu vyote, nafasi kwa nafasi, nimeiweka hapo chini kwenye maelezo ya video. Kuna ya bei ndogo na kuna ya kati. Anza na ya bei ndogo.