Wahariri wa insha: hodari kwa nukuu, wabahili wa maelezo

Kwenye alama za uandishi, hawa jamaa hawana mchezo. Niliwapelekea sura iliyosheheni nukuu, ikarudi kila nukta ya mwisho imehamishiwa nje ya mabano ya rejeleo, inavyotakiwa. Kwenye nukuu ndefu wakageuza: alama za kunukuu zimeondolewa, maandishi yamesogezwa ndani, nukta inatangulia mabano. Mipaka wanaijua pia: mtindo wa marejeleo wa APA huitenga nukuu ikifika maneno 40, ule wa MLA hungoja ipite mistari minne ya nathari.

Lakini kilichonikosha ni pale palipokuwa na sentensi nzima ya mtu, imewekwa tu bila utangulizi. Mhariri akaandika pembeni: "Nani anasema, na kwa nini tumsikilize?" Kisha akachukua maneno manne tu yenye uzito, akayapachika ndani ya sentensi yangu, bila mkato baada ya "kwamba". Safi sana.

Kasoro? Wanarekebisha kimyakimya. Nukta tatu zilizokuwa mwanzoni mwa nukuu moja zilifutwa bila neno. Sababu nikaitafuta mwenyewe. Na barua pepe wanajibu kwa kujikokota, kwa hiyo anayewasilisha kesho asiwategemee.