Kifyonza vumbi cha karakana ya nyumbani: kipi ununue kwanza

Maranda yanayojaa sakafuni si hatari kubwa, yanafagiwa tu. Hatari ni ule unga mwembamba wa msasa unaoelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. IARC, shirika la utafiti wa saratani, liliuweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995. Kwa hiyo ulizia filta kabla ya kuulizia wati.

Nambari moja: vakyumu ya karakana na ndoo ya saikloni. Inamtosha mwenye sanda (mashine ya msasa), ruta ya kuchonga mbao na msumeno wa mkono. Chukua ya wati 1,200 hadi 1,400, tangi la lita 20 au 30, filta ya mikunjo na mfuko ndani yake. Saikloni ni koni ya plastiki inayokaa juu ya kifuniko cha ndoo: hewa inazunguka, chenga zinadondoka, filta inabaki safi. Ndoo iwe ile nene ya rangi ya lita 20. Ndoo nyepesi ya maji, mpira wa kuvutia hewa ukiziba tu, inabonyea kama kopo. Kaza koni kwa bolti, zungushia silikoni. Tundu dogo kama la sindano kwenye ndoo linatosha kuharibu kazi, maana hewa inayoingilia chini inaurudisha unga juu mpaka kwenye filta. Mwaga ndoo ikifika theluthi mbili.

Ukinunua mtumba, soma kibati cha mota. Mashine ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, na zile za plagi ya njano kutoka Uingereza ni 110. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu, imekwisha. Tena usichomeke msumeno wa wati 1,800 na vakyumu ya 1,400 kwenye waya mmoja wa ekstensheni: jumla 3,200, na plagi ya ampea 13 mwisho wake ni kama 3,000. Itapata moto.

Nambari mbili: mashine kubwa ya mfuko, HP (nguvu farasi) 1 hadi 2. Hii ni ya mwenye msumeno wa meza au mashine ya randa. Inavuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo, hivyo inataka bomba la inchi 4 mwanzo mpaka mwisho; ukilibana kwa mpira wa inchi 2, umeinyonga. Bomba la PVC la maji machafu linafaa. Penye kona tumia viwiko viwili vya digrii 45, si kimoja cha 90. Aibu yake ni mfuko wa kitambaa: mingi inashika maranda na kuutema unga chumbani. Nunua yenye katriji, yaani filta ya mikunjo badala ya kitambaa, ya maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita). Au itoe nje chini ya upenu, kwani sisi hatuna joto la kuhifadhi ndani kama watu wa nchi za baridi. Angalia tu kamba ya nguo za jirani.

Nambari tatu: feni ya dirishani inayotoa hewa nje. Ni msaidizi tu. Iweke upande ambao upepo unaelekea: wakati wa kusi, kaskazini magharibi. Kinyume chake, vumbi linakurudia usoni.

Vakyumu ya kusafishia zulia usiihesabu. Mfuko wake unaziba upesi, mota inakosa hewa ya kuipoza na kuungua.

Barakoa ya kuchuja vumbi, ya kiwango cha N95 au FFP2, inunuliwe siku hiyohiyo, kwa chaguo lolote. Filta ukiiosha, hasa wakati wa masika, iache ikauke kabisa. Ikirudishwa mbichi, unga unaganda juu yake kama ugali.