Ngisi wa Maabara Kutoka Duka la Samaki Arusha: Tathmini ya Mwalimu wa Baiolojia

Kwa mihula minne sasa nimenunua ngisi na pweza wa mafunzo ya vitendo katika duka dogo la samaki karibu na Soko Kuu la Arusha, ambalo mzigo wake hutoka Tanga ukiwa kwenye barafu. Nilianza kwenda huko baada ya chuo nilichokuwa nikifundisha kuagiza pweza hai: wawili walisafirishwa usiku kucha katika ndoo moja yenye mfuniko, maji yakapata joto na kuishiwa hewa, na asubuhi tukawapokea wamekufa. Sijaisahau ndoo ile.

Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook wa Marekani alionyesha kuwa pweza aliyechomwa sindano ya asidi hukiepuka chumba alichopatia maumivu, hata kama awali alikipenda, na akitiwa ganzi hupendelea mahali alipopatia nafuu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuwaingiza pweza na ngisi katika sheria yake ya wanyama wa utafiti mwaka 2010. Kwa hiyo, somo linapohusu maumbile tu, sioni sababu ya kudai mnyama hai ilhali wavuvi wamekwisha kumvua kwa ajili ya kitoweo.

Ngisi wa duka hili ni wazuri sana. Ngozi haijachubuka, kifuko cha wino ni kizima, na wanafunzi huweza kuitafuta mioyo mitatu, mmoja wa mwili na miwili ya matamvua, bila kubahatisha.

Pweza ndio wenye kasoro. Kwa kuwa hupigwapigwa ili nyama ilainike, wengi hufika wakiwa wamepondeka ndani, hivyo sharti uagize siku tatu kabla. Muuzaji hupokea agizo kwa upole: “Sawa, mwalimu, nitawaambia wasimpige.”

Jambo ambalo bado halijaniridhisha ni namna wanavyouawa. Nilipomuuliza kama mvuvi humchoma pweza katikati ya macho mara anapomtoa majini au humwacha afe polepole juani, hakuwa na jibu, lakini wiki iliyofuata alinipigia simu kunitajia wavuvi wawili wanaomchoma papo hapo. Tangu siku hiyo pweza wangu hutoka kwa hao wawili tu, na wasipopata kitu, darasa hupasua ngisi.