Viatu vya mbio za porini kwenye miombo ya Lubumbashi: uzoefu wangu

Nimevikimbilia kiangazi kizima, na sasa mvua zimeshika, kwa hiyo naweza kuvisemea kwa haki. Ni viatu vya mtumba vya kukimbilia porini, nilivyovichagua kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa dola 25. Jina la kiwanda limefutika kwenye ulimi, wala halinisumbui. Anayetafuta kiatu cha namna hii aangalie soli kwanza. Hivi vyangu vina meno ya mpira ya milimita tano hivi, yaliyoachana vya kutosha ili udongo udondoke wenyewe. Mbele ya vidole kuna ngao ngumu, na juu ni kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa.

Anayekimbia mjini kwenye lami anaweza kujiuliza meno ya nini. Jibu liko kwenye pori lenyewe. Kuanzia Mei hadi Septemba njia za huku hukauka kabisa, na juu ya ule udongo mwekundu hubaki kokoto ndogo za mviringo zinazoteleza chini ya mguu kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Halafu kuna visiki. Miti ya miombo hukatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, na mingi huchipua tena kutoka kisikini, kwa hiyo kandokando ya njia kuna vichaka vya majani mabichi vilivyoficha kipande cha mti kigumu kwenye usawa wa kifundo cha mguu. Ngao ya vidole imegonga visiki hivyo mara nyingi na kucha zangu zote bado ziko salama.

Lakini sivipendi kwa sababu ya kucha. Ukikimbia porini na kiatu cha soli laini, macho hayatoki ardhini; kila hatua unaihesabia. Kiatu kinachoshika ardhi kinakurudishia macho. Na pori hili, ukiwa peke yako, lina mengi ya kutazama! Kuna vichuguu vya mchwa virefu kuliko nyumba, vyenye miti iliyoota juu yake. Mwishoni mwa kiangazi, kabla tone la kwanza halijaanguka, miti ya muputu na mutondo hutoa majani mapya, na majani hayo hayaanzi na kijani: huanza mekundu, kisha rangi ya shaba, ndipo yanageuka. Wiki hizo mimi hupunguza mwendo bila kujali saa inasema nini. Ukiwa na mwenzako lazima mmoja amfuate mwingine, na mwenye kasi huona aibu kusimama. Peke yangu nasimama ninapotaka, mlima nikiuona mkali naupanda kwa kutembea, na pumzi yangu naisikia yote. Sijapata mahali pengine panaponipa furaha hiyo.

Upweke wenyewe si wa kupotelea. Njia nyingi za upande wa barabara ya Kasenga ninakokimbilia ni za wachoma makala, na asubuhi utakutana nao wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia mpaka huwaoni vichwa. Mimi ndiye ninayetoka njiani, kwa sababu baiskeli yenye mzigo ule ikisimama, kuianzisha tena ni kazi.

“Jambo, papa.”

“Jambo sana, mwanangu. Huko mbele njia inaishia kwenye tanuru, shika ya kushoto.”

Maelekezo ya namna hiyo yana thamani kuliko ramani ya simu, maana njia za makala huhama kila tanuru linapohama. Mahali pa tanuru la zamani utapajua: duara jeusi, majivu na vumbi la makala, mguu unadidimia. Vile vitundu vya wavu hapo hupitisha unga mweusi mpaka kwenye soksi. Kabla ya kutoka mwambie mtu wa nyumbani umeshika barabara gani, na ondoka alfajiri, si jioni.

Mvua sasa. Kwenye tope la kawaida viatu vinashika vizuri sana, na matunda ya masuku yaliyoanguka njiani hayakuangushi. Penye shida ni chini ya vichuguu, ambako mvua imeteremsha udongo wa mfinyanzi, uleule watu wanaofyatulia matofali. Huo unajaza meno yote, na baada ya hatua chache unabeba tofali kila mguu. Hakuna soli niliyoiona inayoushinda. Pita pembeni kwenye majani. Kwenye gogo lililolowa pia mpira huu mgumu huteleza, kwa hiyo vijito navuka kwa kukanyaga majini. Wavu unamwaga maji haraka.

Usikimbie navyo kwenye lami. Meno huliwa upesi, na kiatu kikishapoteza meno hakina kazi tena porini. Mimi hupanda teksi nikiwa na kandambili, viatu nimevifunga begani. Nikirudi natoa soli ya ndani, naviosha kwa maji baridi, najaza karatasi za gazeti na kuvianika kivulini. Kando ya babula, lile jiko la makala, usiviweke kamwe, joto hulegeza gundi.

Navipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na kamba: ni za mviringo, zenye kuteleza, hufunguka hata ukizifunga mara mbili, nami nimeshazibadilisha na za bapa. Ukienda sokoni, kunja kiatu mbele, penye vidole. Kikikunjika katikati ya unyayo kimechoka. Bonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba uone kama inarudi. Chukua namba moja zaidi ya ile unayovaa kila siku, kwa sababu kwenye mteremko vidole husogea mbele na vinahitaji nafasi.