Taa ya njano si "kawaida": uzoefu wangu na king'ora cha ukutani

Mtu akikufungia king'ora cha dharura ukutani, kisha akakwambia taa ya njano inayowaka "ni kawaida", usimlipe. Nimenyamaza vya kutosha. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa bodi yetu bado inazungumza nao, lakini hasira yangu haijapoa.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, nje kidogo ya Kisumu. Baada ya moto wa bweni la shule ya Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, ulioua wavulana 21, wazazi wetu hawakutaka tena maneno matupu. Walichanga, bodi ikaongeza, tukaletewa kisanduku cha chuma chenye vitufe vya tahadhari, kuhama na hali shwari, pamoja na honi za kufunga kwenye mabweni.

Namna kinavyofanya kazi nilikuja kueleweshwa baadaye, na mtu mwingine kabisa. Kisanduku chenyewe hakipigi ule mlio mkubwa. Kinatengeneza mlio na kuupeleka kwenye amplifaya iliyo ofisini, na amplifaya ndiyo inayozisukuma honi. Ukibonyeza kitufe chekundu, chochote kinachopita kwenye spika kinakatwa, hata kama mwalimu yuko katikati ya tangazo, na mlio wa kuhama unashika: mitatu mifupi, kimya kidogo, mitatu tena. Ukishashika, kitufe cha tahadhari hakiupiku. Mwisho wa kila laini ya honi kuna rezista ndogo, yaani kipande kinachozuia umeme usipite mwingi. Kisanduku kinapitisha umeme mdogo sana kwenye waya huo usiku na mchana. Waya ukikatika, umeme huo hauzunguki tena na taa ya njano inawaka. Taa hiyohiyo huwaka betri zikiwa na kasoro.

Yetu iliwaka tangu siku ya kwanza, na ndani kukawa kunalia pi, pi, pi. Kijana aliyekuja kufunga akabonyeza cha kunyamazisha, akafunga kisanduku kwa ufunguo, akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Na hiyo njano?" nikamuuliza.

"Hiyo ni kawaida, madam."

Nikauliza tena. Akanigeukia: "Madam, mambo ya stima tuachie sisi. Wewe angalia watoto."

Mbele ya wasichana! Kijana ninayeweza kumzaa. Na kuangalia watoto ndiko kulikonifanya niulize. Niliandika kwenye daftari la bweni kwamba taa inawaka, nikamwonyesha mkuu wa shule, naye akawapigia. Akajibiwa neno lilelile: kawaida.

Kisha zikaanza zile mvua za jioni. Anayeishi kando ya ziwa anazijua: ngurumo, radi, halafu stima inapotea. Ilipotea wasichana wakijiandaa kulala. Mmoja akawasha mshumaa alioficha sandukuni, godoro likashika. Moshi wa godoro ni mweusi na unakaba haraka sana. Nilikimbilia kisanduku, nikabonyeza chekundu. Kimya. Nikabonyeza tena kwa ngumi. Hakuna mlio, hakuna taa hata moja, si kijani wala hiyo njano yao.

Kilichotuokoa ni rimu la lori linaloning'inia kwenye mwembe, ambalo lilikuwa karibu kuondolewa kwa sababu eti sasa tuna mitambo. Mlinzi alilipiga kwa nondo mpaka mkono ukamuuma. Milango yetu inafunguka kwa nje, kama mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unavyotaka, kwa hiyo wasichana walitoka wote. Godoro tukalizima. Hakuna aliyeumia, na namshukuru Mungu kila ninapoandika sentensi hii.

Usiku huohuo nikampigia yule kijana. Unajua alinijibu nini? "Subirini stima irudi, itafanya." Nikamuuliza kama moto nao unasubiri stima. Akakata simu.

Tukatafuta fundi mwingine, mzee mmoja kutoka Kondele. Alipofungua kisanduku alinyamaza kwanza, kisha akaniita nione mwenyewe. Betri mbili za volti 12, mpya kabisa, vichwa vyake bado vimevaa vifuniko vya plastiki vya dukani. Waya mwekundu unaning'inia. Hazikuwahi kuunganishwa! Wiki zote hizo taa ya njano ilikuwa inalalamika juu ya betri. Akaziunganisha mfululizo zitoe volti 24, akaziacha zichaji hadi kesho yake, kisha akazima swichi kubwa ya shule. "Bonyeza sasa, mama." Nikabonyeza. Mlio ulifika barabarani, wapishi wakatoka jikoni mbio. Nilitokwa na machozi, kwa furaha na kwa hasira pamoja.

Sasa nitoe nyota ngapi? Nilikusudia moja. Lakini kisanduku hakikudanganya hata siku moja. Mtu ndiye aliyekiziba mdomo. Kwa hilo kinastahili nne, na mlio wake ni mzuri, hakuna mtoto wa kulala ukilia. Hapana, narudi kwenye tatu. Kifaa cha kuokoa watoto hakipaswi kunyamazishwa daima kwa kidole kimoja. Vipo vinavyoanza kulia tena baada ya muda mpaka kasoro itengenezwe, na hicho ndicho tulichostahili kuuziwa. Kampuni yenyewe sina nyota ya kuipa. Honi wamezifunga vizuri, hilo nakubali, zinasikika mpaka kitanda cha mwisho. Lakini honi nzuri bila betri ni nini usiku wa giza?

Juzi wamepiga simu wakitaka tusaini mkataba wa matengenezo ya mwaka mzima. Nimemwambia mkuu wa shule asiweke kalamu popote mpaka yule kijana arudi, azime swichi kubwa mbele yangu na mbele ya wasichana walewale, abonyeze chekundu, kisha anieleze taa ya njano maana yake ni nini.