Darasa la unga na rangi, Sinza, Dar es Salaam: nimeenda mara tatu

Baba watoto aliniuliza, "Unalipa elfu tano kwenda kukanda unga ambao hata nyumbani upo?" Nalipa, ndiyo. Kipindi ni cha wazazi na watoto wa chini ya miaka mitano, barazani kwa mwalimu mstaafu wa chekechea. Tunakanda unga wa kuchezea na kufinyangia: unga wa ngano, chumvi nusu yake, maji, mafuta kidogo na rangi ya chakula. Ukifunga vizuri kwenye mfuko, unakaa siku kadhaa. Simu zote zinaachwa kapuni mlangoni.

Mara ya kwanza nilimshika mwanangu mkono nimwelekeze kufinyanga samaki. Mwalimu akanigusa bega: "Mama, tengeneza wako." Samaki wangu akatoka kama andazi lililopasuka. Mtoto, miaka miwili na nusu, akanitazama: "Pole mama." Nilicheka mpaka machozi, na tangu nijifungue sikumbuki kucheka vile.

Kasoro zipo. Wanasema saa tatu, wanaanza saa nne kasoro robo. Aproni hazitoshi, na ile bluu haitoki kwenye nguo nyeupe, nimejaribu hadi limau na jua. Kina baba niliwaona wawili tu. Wa kwangu anasema Jumamosi ijayo atakuja "kuangalia tu".